Nauli ya ndege: Mfanyabiashara wa Ifakara ananunua nini ndani ya tiketi?

MFANYABIASHARA wa Katindiuka anayekwenda Mwanza kununua dagaa kwa ndege huwa na safari mbili ndani ya moja. Ya kwanza ni ya ardhini: Ifakara, Kidatu, Mikumi, Morogoro hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400. Ya pili ni ya angani, saa moja na nusu hivi. Wengi wetu tunapolinganisha bei za tiketi tunaiangalia hiyo ya pili peke yake. Kwa maoni yangu, ile ya kwanza ndiyo inayopaswa kuamua tununue tiketi gani.

Mashirika ya ndege yamegawanyika katika makundi mawili. Lipo shirika la huduma kamili, kama Air Tanzania, Precision Air au Ethiopian Airlines, ambalo kwa kawaida bei yake inajumuisha kiti, begi la kupakia, begi dogo la mkononi na kitu cha kula. Lipo pia shirika la nauli nafuu, linalouza kiti tu na kukutoza kila kinachoongezeka.

Watanzania tulilifahamu kundi la pili Novemba 2012, Fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Ilitangaza nauli za kuanzia Sh32,000 kabla ya kodi na ada. Watu ambao hawakuwahi kupanda ndege walipanda. Wapo waliofika kaunta na mabegi mawili na hapo ndipo wakaelewa kwamba begi lina bei yake. Desemba 2018 shirika hilo liliacha kuruka nchini, lakini somo lake halijapitwa na wakati, kwa sababu leo hata mashirika ya huduma kamili huuza kiti kilekile kwa bei tatu au nne zenye masharti tofauti.

Tufanye hesabu. Takwimu hizi ni za mfano tu. Tuseme tiketi ya huduma kamili ni Sh260,000, ina begi la kilo 23 na inaruhusu kubadili tarehe bila ada. Tiketi ya bei ya chini ni Sh190,000, begi unalipia Sh45,000, na kila ukibadili tarehe unatoa Sh60,000. Ukiwa na begi, tiketi ya bei ya chini inakugharimu Sh235,000. Bado umeokoa Sh25,000, na asiyebadili tarehe kamwe hana sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya soda na kitafunwa.

Lakini mtu wetu hubadili. Katika safari tano ataokoa Sh125,000. Akibadili tarehe mara mbili tu katika hizo tano, Sh120,000 zimekwenda. Akibadili mara tatu, amekula hasara ya Sh55,000. Na sababu za kubadili hazikosekani: basi limeharibika Kidatu, lori limelala barabarani Mikumi, au ni mwezi wa sita, mpunga uko uwanjani na mnunuzi aliyeahidi kuja Jumatatu amekuja Jumatano. Mkazi wa Dar es Salaam anayeishi nusu saa kutoka uwanja wa ndege hana hatari hizi. Kwa hiyo ushauri anaoutoa, kwamba nunua tiketi ya bei ya chini kabisa, ni sahihi kwake na si lazima uwe sahihi kwako.

Kaunta nazo hazisubiri. Kwa safari za ndani nyingi hufungwa dakika 45 hadi saa nzima kabla ya ndege kuondoka, na aliyechelewa bila kutoa taarifa huhesabiwa kuwa hakutokea. Kwa tiketi za bei ya chini hilo mara nyingi maana yake ni kupoteza nauli yote. Kabla ya kulipa, muulize wakala mambo mawili: nikibadili tarehe nalipa kiasi gani, na nisipotokea napoteza nini? Wakala asiyeweza kujibu, nenda kwa mwingine.

Kwa wanaokwenda mbali, mathalani Guangzhou kutafuta vipuri vya mashine za kukoboa, thamani kubwa ya huduma kamili iko katika kuunganisha ndege. Ukinunua tiketi moja ya Dar es Salaam hadi Guangzhou kupitia Addis Ababa, na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika ndilo lenye jukumu la kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti kwa sababu jumla yake ni ndogo, ukachelewa ya pili, huo ni mzigo wako.

Hata hivyo, huduma kamili si dhamana ya kuondoka kwa wakati. Mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kupunguza na kupanga upya safari baada ya injini za ndege zake aina ya Airbus A220 kuwa na matatizo yaliyoyakumba mashirika mengine duniani pia. Wala jina hilo si kipimo cha usalama: Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyazuia mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania kuruka katika anga lake, yakiwemo ya huduma kamili, kwa hoja za usimamizi wa usalama. Chakula na usalama hukaguliwa na watu tofauti.

Mabegi nayo hupotea. Mimi mwenyewe niliwahi kusafiri na sampuli za mbegu za mpunga, nikaziweka katika begi la kupakia, likabaki nyuma. Lilifika baada ya siku mbili, mkutano umekwisha. Tangu hapo sampuli nazibeba mkononi. Kilichonisaidia ni kuandikisha taarifa kabla ya kutoka uwanjani, nikiwa na kile kikaratasi cha begi wanachokibandika kwenye tiketi, ambacho wengi hukitupa.

Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania ni mwanachama, unakupa siku 7 kulalamika kwa maandishi begi likiharibika na siku 21 tangu ulipokee likichelewa. Tangu Desemba 2024 kikomo cha fidia ya mzigo ni takriban dola 2,000 za Marekani kwa abiria. Hicho ni kikomo. Kiasi unachopata hutegemea hasara unayoweza kuithibitisha, kwa hiyo risiti za vipuri zikae mfukoni, zisikae ndani ya begi lenyewe. Shirika likikupuuza, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililoundwa chini ya sheria ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Na dagaa? Sampuli za kilo chache zikaushwe vizuri na zifungwe mara mbili, maana shirika lina haki ya kukataa mzigo wenye harufu. Magunia yenyewe yapande lori.