Yatima Mwenye Mama

Kila Juni, shule zikifungwa Marekani, vikundi vya makanisa hushuka Nairobi vikiwa vimevaa fulana za rangi moja. Wiki mbili baadaye hurudi kwao na picha za watoto waliopakatwa, na chini ya picha imeandikwa kwamba hao ni yatima. Nasi tusiwacheke. Siku za kuzaliwa, hafla za kampuni na vyama vya wanafunzi hutufikisha kwenye malango yale yale, tukiwa na mabunda ya unga na mafuta ya kupikia, na simu zikiwa tayari. Mgeni na mwenyeji tunaamini jambo moja, kwamba mtoto wa makao hana mtu duniani.

Ana mtu. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilikadiria kwamba angalau watoto wanne kati ya watano walio katika makao ya yatima duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Asiye na mama mara nyingi ana nyanya au shangazi. Kilichompeleka makaoni ni karo, ni njaa, ni ulemavu usio na shule ya karibu, au ni mama mjane ambaye mashemeji wamemfukuza shambani. Anapotokea mtu mwenye Biblia na maneno laini, akaahidi kwamba mtoto atasoma na kula mara tatu kwa siku, mama gani atakataa? Mtoto akishaingia, picha yake hutumwa kwa wafadhili, na tangu siku hiyo mwenye makao hana haraka ya kumrudisha kwao. Kitanda kitupu hakichangiwi.

Ndiyo maana sikubali hoja kwamba safari hizi, hata zisipofaa sana, hazimdhuru mtu. Kikundi kinachotaka kuhudumia yatima kwa siku kumi hakiwezi kutawanyika katika vijiji ishirini vya Kwale kuwatafuta manyanya. Kinataka watoto wengi mahali pamoja, wanaojua kuimba. Panapotakiwa watoto, watoto hutafutwa. Australia ililiona hilo: mwaka 2018, ilipokuwa ikitunga sheria ya utumwa mamboleo, ilitambua kwamba kuwasafirisha watoto kwenda kujaza makao ya yatima ni sehemu ya uovu huo. Na lango lililo wazi kwa kila mwenye moyo mwema liko wazi kwa wengine pia. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 40 kijana wa Oklahoma aliyekuja Nairobi kujitolea katika makao, akawanajisi watoto.

Wanaoleta mtindo huu wameuacha kwao. Mwaka 1909 Rais Theodore Roosevelt aliitisha mkutano Ikulu ya Washington, ukakubaliana kwamba mtoto asiondolewe nyumbani kwa sababu ya umaskini peke yake. Miaka miwili baadaye jimbo la Illinois likapitisha sheria ya kuwalipa akina mama fedha ili wabaki na watoto wao. Makao makubwa ya yatima karibu yote yalikwisha huko, nasi tukawa tunajengewa mapya.

Nitaambiwa Biblia imeagiza. Naam, Waraka wa Yakobo, sura ya kwanza. Lakini hapo yatima ametajwa pamoja na mjane, wote wawili katika dhiki yao. Sisi tumemchukua mtoto tukamwacha mjane, kisha tukaita hiyo dini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Serikali ya Kenya, kupitia mpango wa Inua Jamii, huipa familia inayolea yatima shilingi 2,000 kwa mwezi, tena hazifiki kwa wakati. Tiketi ya ndege kutoka Marekani haipungui sana dola 1,000, yaani karibu shilingi 129,000: fedha za zaidi ya miaka mitano kwa familia hiyo, kabla hatujagusa hoteli, magari na siku mbili za Maasai Mara.

Wapo watoto waliotupwa, na wapo waliokimbia kipigo. Hao wanahitaji pa kulala usiku wa leo, kisha familia. Rwanda, iliyobaki na makao mengi baada ya mauaji ya kimbari, ilianza mwaka 2013 mpango wa kuwarudisha watoto kwa ndugu au kuwakabidhi kwa walezi waliofunzwa. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto katika familia. Wachungaji wetu wanaujua mkakati huo. Basi kikundi kijacho kikiandika kuomba watoto wa kuhudumia, wajibu kwa kutuma majina ya wajane wa parokia na kiasi cha karo wanachodaiwa, kisha waone ni wangapi watakaokata tiketi.