Ukurasa si Cheti cha Tabia

Mwandishi aliyewashauri waajiri wapekue kurasa za mitandaoni kabla ya usaili, eti humo ndimo tabia ya mtu ilimo, amepotoka. Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba sehemu ya kumi ya sekunde humtosha mtu kutazama sura asiyoijua na kuamua kama mwenyewe anaaminika. Kuongezewa muda kuliwazidishia watu hasa kujiamini. Sasa mpe ofisa ajira picha ya binti akicheza ngoma ya harusi, kanga kiunoni: atamwita mhuni kabla hajagusa cheti chake cha uhasibu. Tapeli aliyevaa suti atapita. Waajiri, wapigieni simu wadhamini, kisha mwiteni mwombaji mumsikilize.