Calvin na walokole wa Dubai

Mchungaji John Folmar, Mmarekani aliyehudumu Washington, alianza kuliongoza kanisa la United Christian Church of Dubai mwaka 2005. Mwaka 2010 likazaliwa kanisa la Redeemer. Kupitia makanisa hayo mafundisho ya Calvin, kwamba Mungu humteua anayeokoka kabla mwanadamu hajamchagua Yeye, yakapata mimbari katika mji huo wa wahamiaji.

Kwa mlokole wa Afrika Mashariki jambo hilo si jepesi. Uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ulisisitiza toba na ushuhuda wa mtu mwenyewe. Wapentekoste wakaongeza uponyaji na unabii. (Neno "majaliwa", hata hivyo, Mswahili hakufundishwa na Geneva.)

Uzito wa mjadala umo katika uanachama. Makanisa ya mkondo huu humhoji mtu kabla ya kumpokea, na huweza kumtenga. Kwa kibarua ambaye jamaa zake wako Kisumu au Mbeya, kanisa ndilo ukoo. Asiyeridhika hawezi kisheria kufungua kanisa sebuleni kwake, kwani ibada hutaka mahali palipoidhinishwa. Ndiyo maana makutaniko mengi hupokezana kumbi katika uwanja wa Holy Trinity, Oud Metha.