Kiatu cha usaili kichague kwa mguu, si kwa macho

WIKI mbili zilizopita mdogo wangu alikuja kuniomba viatu vyangu vyeusi akafanyie usaili. Nikamnyima. Mama akaninunia siku nzima, akaona mwanawe nimepata kazi na uchoyo juu. Ikabidi niwasimulie jambo ambalo nililificha kwa miaka minne.

Mwaka niliomaliza chuo niliitwa kwenye usaili katika ofisi moja katikati ya jiji la Dar es Salaam. Sikuwa na kiatu cha heshima, nilikuwa na raba na kandambili tu. Dada yetu mkubwa akaniazima vyake vya mchuchumio, vizuri kwelikweli. Yeye anavaa namba 38, mimi 39. Nikajisemea namba moja si kitu, nitavumilia.

Nilitoka Mbagala alfajiri, nikasimama kwenye daladala njia nzima. Pale ofisini tulikuwa wengi, tukapangwa kwenye viti koridoni. Saa nne vidole vikaanza kuwaka moto, nikavua viatu chini ya kiti ili miguu ipumue. Saa sita jina langu likaitwa, na miguu ikagoma kuingia. Nikailazimisha, nikaingia nachechemea. Mzee mmoja wa jopo akaniuliza, "Binti, unaumwa?" Nikasema hapana.

Swali lililofuata lilihusu jambo nililolisoma mwaka mzima. Nililijua, lakini akili yote ilikuwa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Nikajibu nusunusu ili nitoke haraka. Kazi sikuipata. Siwezi kukisingizia kiatu peke yake, huenda wenzangu walinizidi. Ninachojua ni kwamba wale wasaili hawakupata nafasi ya kuona ninachokijua.

Ndugu msomaji, kilichonipata kina maelezo. Mtu akikaa muda mrefu miguu ikiwa inaning'inia, maji ya mwili hushuka na kujikusanya miguuni. Joto huongeza hali hiyo. Ndiyo maana mguu wa jioni huwa mkubwa kidogo kuliko wa asubuhi, na ukiuvua kiatu cha kubana, unatanuka. Kwa hiyo kiatu kinachokukaa vizuri saa moja asubuhi si lazima kikukae vizuri saa saba mchana, foleni ya usaili ikiwa bado ndefu.

Hivyo basi, nenda ukanunue viatu jioni. Kabla ya kutoka nyumbani, simama juu ya karatasi, mtu akuchoree mguu kwa kalamu, kisha ukate mchoro huo. Chora miguu yote miwili, kwani kwa watu wengi mmoja umezidi mwingine, na kiatu hununuliwa kwa kufuata ule mkubwa. Sokoni weka karatasi chini ya soli. Ikizidi upana wa soli, kiache hata kama kinang'aa. Karatasi hiyo inamsaidia pia mzazi anayemnunulia kijana aliye mbali.

Usiamini sana namba iliyoandikwa, hasa kwenye mitumba. Namba 7 ya Uingereza na namba 7 ya Marekani hazilingani. Vaa vyote viwili na soksi utakazozitumia, simama, tembea. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Muuzaji akikwambia "kitaachia", mshukuru uende meza nyingine.

Kwa akina dada, kisigino kirefu husukuma uzito wa mwili mbele, vidole na nyayo za mbele ndivyo vinabeba mzigo. Kama hujazoea mchuchumio, siku ya usaili si siku ya kujifunzia. Kiatu cha chini kilichofungwa mbele kina heshima yake. Ukitaka kisigino, kisizidi upana wa vidole vitatu na kiwe kipana.

Mtumba mzuri hauna aibu, ila ukunje kiatu uone kama soli haipasuki, maana kilichokaa sana stoo huweza kuachia gundi njiani. Kifute ndani kwa sabuni na ukiache kikauke kabisa kabla ya kukivaa, kwa sababu fangasi hupenda unyevu. Kisha kivae nyumbani kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Likitokea lengelenge, usilitumbue, lifunike kwa plasta. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, ufunike.

Mwenye kisukari awe makini zaidi. Ugonjwa huu huweza kupunguza hisia miguuni, kidonda kikaanza bila maumivu. Kabla ya kuvaa, apitishe mkono ndani ya kiatu kutafuta msumari au kokoto, na jioni akague nyayo. Akiona kidonda, asisubiri, aende kituo cha afya.

Siku yenyewe, hasa wakati wa masika, safiri na kandambili na uweke viatu kwenye mfuko pamoja na kitambaa. Ukikaribia, futa miguu, vaa, ingia. Wakati wa kusubiri usivivue. Inuka mara kwa mara, utembee hatua chache.

Baada ya simulizi hiyo mama alinyamaza, kisha akaleta kalamu. Mdogo wangu anavaa 40, na mimi bado ni 39. Tulimchora mguu sakafuni, jioni tukaenda naye Karume na karatasi yetu. Tulizunguka meza nyingi hadi tukapata vyeusi vya chini, vya bei tuliyoweza kuchanga watatu. Havina mbwembwe.

Usaili wake ni Jumanne. Kila jioni anavivaa akipika, akifagia, akienda dukani kununua nyanya, na watoto wa jirani wanamcheka kwamba anapika na viatu vya ofisini. Juzi nilimuuliza vinamuumiza wapi. Akatazama chini, akasema alikuwa ameshasahau kama amevivaa. Nikamwambia basi hivyo ndivyo vyenyewe.