Watu wa Feri wana akili, tatizo ni lango

Juzi nimepandisha kavideo ka watu wakikimbilia feri jioni. Komenti ya kwanza: "Watu wa Likoni hawana akili." Wengi wakaipenda.

Sasa hebu niwaambie kitu. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha.

Bakteria ndio hawana akili kweli, hata ubongo hawana. Lakini wakiwa wengi kwenye tone moja la maji, wanaenda kwa mikondo kama wamepangwa. Nani anawapanga? Hakuna. Mwaka wa 1995 Tamás Vicsek na wenzake waliweka kanuni moja tu kwenye kompyuta: kila chembe ifuate mwelekeo wa majirani zake, na makosa kidogo. Chembe zikiwa chache, kila moja na lake. Zikijazana, zote zinaelekea upande mmoja. Kiongozi hamna.

Baadaye watafiti wakawatia bakteria wa udongoni kwenye vijifereji. Kwenye mfereji mpana, ni vurugu na vizunguzungu. Kwenye mwembamba, wote wakatiririka upande mmoja. Bakteria ni walewale, kilichobadilika ni kuta.

Haya, turudi Feri. Saa kumi na mbili jioni, lango limefunguliwa. Begi la mwanafunzi liko kwa mbavu zako, beseni la mama wa samaki liko usoni. Hapo hutembei, unabebwa. Hata profesa angekimbia.

Sisemi sisi ni vijidudu. Mtu anaweza kupiga kelele "ngojeni, kuna mtoto hapa!" Bakteria hawezi. Na mtu akibanwa anakosa pumzi, kwa hivyo dawa si kutusukumia kwa vichochoro. Dawa ni wanaoingia wahesabiwe, na wanaoshuka wasigongane na wanaopanda.

Hii si hadithi ya maabara. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa kupita kiasi. Watu 272 walikufa. Walikosa akili? La, walikuwa wanavuka tu, kama mimi na wewe.

Kwa hivyo ukitaka kukasirika kwenye komenti, uliza kuhusu lango, hesabu na njia. Ukimtukana mtu aliyebanwa katikati, hujamsaidia kitu.

Leo jioni niko hapo hapo. Ukiniona nakimbia, jua wa nyuma yangu ndiye ameanza.