Changudoa ni Samaki, Jamani

Mvuvi wa delta ya Rufiji akisema leo kapata changudoa, maana yake kitoweo kipo. Mwandishi wa Dar akiandika neno hilohilo, maana yake kuna mwanamke kavuliwa utu.

Changu ni jamii ya samaki. Huyu mmoja hukaa maji ya kina kifupi, kwenye majani ya bahari na pembezoni mwa mikoko, na ubavuni ana baka jeusi kama alama ya kidole gumba. Ndiyo doa lenyewe. Jina halina ubaya wowote: limemtazama samaki, likataja lilichokiona.

Tulipolihamishia kwa wanawake wanaouza miili, doa likabadilishwa kazi. Kwa samaki ni alama ya kuzaliwa, kwa mwanamke likawa hukumu. Na samaki anavuliwa, anapatanwa bei, analiwa. Yote hayo neno linayasema bila kuyatamka.

Tazameni hata sarufi. Samaki mmoja ni changu, kumi pia changu. Wanawake wakiwa wengi wanakuwa "machangudoa", foleni moja na majambazi. Ma- peke yake si tusi, marais nao wanayo, lakini marais hatukuwatoa kwenye tenga la samaki.

Eti lugha hukua yenyewe? Kuna watu wanaoikuza. Mwaka 1998 kamusi ya Kigiriki ya Georgios Babiniotis iliandika kwamba "Filipineza", yaani mwanamke wa Kifilipino, ni pia mfanyakazi wa ndani. Wafilipino wakapinga, na haki ilikuwa yao: kazi ya baadhi yao ilikuwa imegeuzwa maana ya wote. Wale walipewa angalau jina la kazi. Sisi tumetoa jina la kitoweo.

Na mnunuzi je? Kwenye habari za misako, "machangudoa wanaswa", yeye hata hatajwi. Akitajwa anaitwa mteja, sawa na mtu aliyekwenda dukani kununua vocha. Bahari yote hii, kumbe yeye hakupatiwa samaki! Wala msiniletee "dada poa", hiyo ni dharau ileile iliyopuliziwa manukato.

Waandishi wenzangu, andikeni "wanawake". Kama wameshtakiwa, andikeni "washtakiwa", na aliyenunua naye mwandikeni. Changudoa mwachieni mvuvi wa Nyamisati, ana watu nyumbani wanasubiri kula.