Acheni Kulipima Gari kwa Herufi ya Namba

Dar es Salaam gari hupimwa kwa herufi moja. Mtu haulizi limetoka kiwanda gani, limetunzwaje wala limetembea wapi. Hutupa jicho kwenye kibao cha namba, na hukumu imeshatoka. Mwenye namba E mambo yake safi. Mwenye namba A kachoka. Na Peugeot 504 ikijitokeza kwenye foleni, rangi imepauka lakini bado inavuta, utasikia neno lile lile: mkweche. Imani kwamba herufi ndiyo umri wa gari, na kwamba umri wa gari ni aibu ya mwenye gari, imeshika mizizi kuanzia vijiweni hadi maofisini. Naipinga yote, nusu ya kwanza na nusu ya pili.

Tuanze na herufi. Kuanzia A ya zamani hadi E ya karibuni, kibao kinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Toyota IST ya toleo la kwanza iliacha kutengenezwa mwaka 2007. Ikishushwa bandarini sasa hufungwa namba E, na mnunuzi anapongezwa kwa gari jipya ambalo lina karibu miaka 20. Wakati huohuo Land Rover iliyoingia nchini miaka ya 1970, ikasajiliwa upya mfumo wa namba ulipobadilika, inabeba namba A sawa na sedani ya mtumba iliyokuja miaka thelathini baadaye. Herufi moja imefunika kizazi kizima, na sisi tunaisoma kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa.

Umri wa gari umeandikwa kwenye bodi, na hiyo ndiyo raha ya kuyatafuta magari ya zamani kwa macho barabarani. Land Rover ya zamani yenye taa mbili zilizobanana katikati, kwenye wavu wa mbele, ni ya kabla ya miaka ya 1960 kwisha. Taa zikishahamia kwenye madigadi, ujue ni ya baadaye. Ile 109 inayotajwa sana kwenye Land Rover ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Peugeot 504 utaitambua kwa mbali, taa zimekatwa mshazari na mfuniko wa buti unainama ghafla kuelekea nyuma. Ilitoka mwaka 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya, na kwa jirani zetu Kenya ile yenye safu tatu za viti ikawa teksi ya masafa marefu, ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru na Kisumu. Aliyejizoeza kuangalia hivi, kila safari ya mjini inampa kitu. Aliyezoea herufi anaona foleni tu.

Wengi pia wanadhani gari la kihistoria ni lile jekundu la tajiri wa Ulaya, lenye viti viwili, linalotolewa turubai mara moja kwa mwaka. Hapana. Mbio za magari za Safari Rally, hapa Afrika Mashariki, za mwaka 1966 na 1967 alizishinda Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1968 Peugeot 404 ikashinda tena, katika mbio ambazo magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1975 ikawa zamu ya 504. Na Joginder Singh wa Kenya, fundi aliyekuwa pia dereva, alichukua ushindi wa 1965 kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imeshatumika katika mbio za mwaka uliotangulia. Viwanda vya Ulaya na Japani vilileta magari yao yapimwe na matope yetu, vumbi letu na makorongo yetu. Ndugu wa magari hayo ndiyo haya tunayoyaita mikweche.

Linaloniuma zaidi ni mafundi. Gari la mwaka 1972 linalotembea leo halikufika hapa kwa bahati. Kuna mtu aliyejifunza kurekebisha kabureta kwa kusikiliza mlio wa injini, kwa sababu hakuna kompyuta ya kulichomekea. Kuna mnyoosha bodi aliyekata bati na kuunda upya sakafu iliyoliwa na chumvi ya pwani. Land Rover zilianza mwaka 1948 na bodi ya aluminiamu kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, na ndiyo maana bodi hizo bado zipo. Lakini chasisi ni ya chuma, na iliyosalimika mjini Tanga au Unguja imesalimishwa na mikono ya watu. Ukilicheka gari hilo unaicheka kazi hiyo, na kijana wa gereji anayekusikia ataona hakuna haja ya kujifunza kwa mzee wake.

Najua jibu linalokuja: magari haya yanatoa moshi, breki zake hazina uhakika, hayana mifuko ya hewa. La mifuko ya hewa ni kweli, na sitamshauri mtu abebe abiria wa kulipa kila siku ndani ya gari la mwaka 1970. Lakini moshi na breki ni habari ya matunzo. Gari bovu liondolewe barabarani, liwe na namba A au E, na kipimo kiwe ukaguzi.

Tena gari likikatwa kuwa chuma chakavu, ni vigumu kupata jingine. Kenya hairuhusu kuingiza mtumba uliozidi miaka 8, Uganda imeweka ukomo wa miaka 15, na kwetu gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Sheria hizo zina sababu zake. Ila kila 504 inayouzwa kwa kilo kama chuma chakavu imetupunguzia idadi ambayo hakuna meli itakayoijaza.

Oktoba 2024 Arusha ilikusanya mamia ya Land Rover katika tamasha lake, na watu waliofurika hawakufuata herufi. Kwa hiyo heshima hiyo tunaiweza. Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam nayo yanatunza magari ya viongozi, ikiwemo Rolls-Royce iliyotumika tangu enzi za Mwingereza hadi za Mwalimu Nyerere. Vizuri sana, lakini nchi hii haikujengwa ndani ya Rolls-Royce. Ilijengwa na pikapu za Datsun, Land Rover za idara na 504 za familia, na nyingi zimelala uani. Kama kwenu ipo, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu mwite fundi mzee aikague, piga picha kibati cha namba ya chasisi, na uandike iliingia nchini lini, nani aliiendesha na nani aliitengeneza.